Sebule ya Zamu: Miaka Zaidi ya Mia ya Veðurstofa ya Iceland

Mwaka 1918 watu wa Iceland walionjeshwa kila kitu. Januari iliingia na baridi ambayo haijasahaulika mpaka leo. Tarehe 22, huko Grímsstaðir kwenye nyanda za juu za kaskazini-mashariki, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 38 chini ya sifuri, na rekodi hiyo haijavunjwa. Barafu ya bahari iliziba ghuba za kaskazini. Mjini Reykjavík watu walitembea kwa miguu juu ya bahari iliyoganda hadi kisiwa cha Viðey. Oktoba 12 ikalipuka Katla, volkano iliyofunikwa na barafu ya Mýrdalsjökull, na gharika la maji, matope na mapande ya barafu likaifagia tambarare ya Mýrdalssandur. Wafugaji waliokuwa nje wakikusanya kondoo waliponea chupuchupu. Majivu hayajatua, homa ya mafua iliyokuwa ikizunguka dunia ikabisha hodi na kuua watu wapatao 500 katika taifa lisilofika hata watu laki moja. Kisha, tarehe 1 Desemba, katikati ya matanga, nchi ikatangazwa kuwa dola lenye mamlaka yake, ingawa bado chini ya mfalme wa Denmark.

Miezi 13 baadaye, mwanzoni mwa Januari 1920, Veðurstofa Íslands ilianza kazi. Nchi iliyokuwa imepigwa na baridi, moto na maji ndani ya mwaka mmoja ilijipa jukumu la kutazama mbingu yake yenyewe.

Jina lenyewe linastahili kutazamwa kidogo. Kwa Kiiceland, veður ni hali ya hewa. Stofa ni sebule, chumba cha mbele cha nyumba, mahali familia inapokaa na wageni wanapokaribishwa. Baadaye neno likaja kubeba pia maana ya ofisi. Kwa hiyo ukilifuata neno kwa neno, taasisi hii ni sebule ya hali ya hewa. Nalipenda jina hilo kwa sababu linasema kweli. Kwa zaidi ya miaka mia watu wamekaa humo usiku na mchana wakipokezana zamu, wakisikiliza ardhi, maji, barafu na upepo, ili wengine wapate usingizi.

Kazi ya kupima haikuanza na ofisi hiyo. Mwaka 1845, katika mji mdogo wa bandari wa Stykkishólmur upande wa magharibi, mfanyabiashara Árni Thorlacius alianza kuandika joto na mgandamizo wa hewa kila siku. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa na vifaa, alikuwa na daftari, na alikuwa na uvumilivu wa kurudi kwenye kipimajoto kilekile kesho na keshokutwa. Safu ile ya tarakimu haijakatika hadi leo, na mtu yeyote anayetaka kujua jinsi Atlantiki ya Kaskazini ilivyobadilika joto tangu karne ya 19 lazima apitie Stykkishólmur. Taasisi ya Hali ya Hewa ya Denmark, iliyoanzishwa mwaka 1872, iliichukua kazi hiyo na kuongeza vituo vingine pande mbalimbali za kisiwa. Mwaka 1906 waya wa telegrafu ulifika Seyðisfjörður kwa kupita chini ya bahari, na kwa mara ya kwanza habari za hewa ya Iceland ziliweza kufika Ulaya siku ileile. Kabla ya hapo zilisafiri kwa meli, na zilipofika dhoruba yenyewe ilikuwa imekwisha kupita.

Nyuma zaidi yupo Sveinn Pálsson, daktari wa vijijini aliyekuwa akizunguka kwa farasi kutibu wagonjwa na kuandika kila alichokiona. Mwaka 1794 alipanda Öræfajökull, mlima mrefu kuliko yote nchini. Kutoka kule juu aliitazama barafuto, yaani mto wa barafu, ikiteremka bondeni, akaona mistari na mikunjo juu yake, na akaelewa kwamba barafu ile ngumu inatiririka kwa uzito wake wenyewe, polepole, kama lami. Aliyaandika hayo katika kitabu chake cha barafuto mwaka uliofuata. Wataalamu wa Ulaya walikuja kulifikia wazo hilo baadaye sana, na kazi yake ilikaa muda mrefu bila kuchapishwa. Tutarudi kwake.

Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Þorkell Þorkelsson, mwanafizikia, aliyekaa kwenye kiti hicho hadi 1946. Ofisi yake ilikuwa ndogo na nchi yake ni ya wavuvi. Lazima mtu akumbuke maana ya dhoruba kwa taifa la wavuvi. Februari 7 na 8 mwaka 1925, tufani ilishuka ghafla juu ya meli zilizokuwa zikivua kwenye eneo liitwalo Hali, nje ya pwani ya kaskazini-magharibi. Meli mbili, Leifur heppni na Robertson, zilipotea na watu wote, jumla yao 68. Katika kijiji cha pwani idadi kama hiyo ni mtaa mzima wa wajane. Tangu hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini serikali inawalipa mshahara watu wa kuchora ramani za mawingu.

Redio ya taifa ilipofunguliwa Desemba 1930, sauti ya utabiri iliingia majumbani. Mpaka leo, vizazi vya watu wa Iceland wanayajua majina ya vituo vya kupimia hewa kwa mpangilio wake, kwa sababu waliyasikia yakisomwa wakiwa wadogo, mzazi akiwa ameinua kidole kutaka kimya. Kimya kingine kilikuja na Vita vya Pili vya Dunia. Waingereza walipoikalia nchi mwaka 1940, hewa ikawa siri ya kijeshi na utabiri ukaondolewa redioni. Wavuvi wakarudi kusoma mawingu kwa macho kama babu zao.

Vita vilipokwisha, uongozi ulikwenda kwa Teresía Guðmundsson, mzaliwa wa Norwei aliyekuwa mtabiri katika ofisi hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1920. Aliiongoza kutoka 1946 hadi 1963, na anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza duniani kuongoza idara ya hali ya hewa ya taifa. Ndege za kuvuka Atlantiki zilikuwa zimeanza kupita kwa wingi, na rubani anayetoka Ulaya kwenda Amerika alihitaji kujua kinachomngoja juu ya bahari. Kwa miongo mingi sehemu ya gharama za ofisi imelipwa na mashirika ya ndege kupitia mpango wa pamoja wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Nchi ndogo isingeweza kubeba mzigo huo peke yake.

Lakini ukiniuliza ni nani katika historia hii ningetaka kukaa naye jioni moja, nitamtaja Jón Eyþórsson. Alikuwa mtabiri katika ofisi, akijulikana sana redioni, na moyo wake ulikuwa kwenye barafu. Mwaka 1930 alianzisha jambo rahisi ajabu. Alikwenda mbele ya ulimi wa barafuto, pale barafu inapokomea, akaweka alama kwenye ardhi, akapima kwa kamba umbali kutoka kwenye alama hadi kwenye barafu. Mwaka uliofuata, kipindi kilekile cha vuli, anapima tena. Kamba ikirefuka, barafu imerudi nyuma. Ikifupika, imesonga mbele. Hakuwa na fedha za kuajiri wapimaji, kwa hiyo akawaomba wakulima walioishi chini ya barafuto hizo. Wakakubali.

Katika shamba la Kvísker, lililobanwa kati ya Öræfajökull na tambarare za mchanga za kusini-mashariki, waliishi ndugu ambao hawakuwa na elimu ya chuo chochote. Mito isiyo na madaraja iliwatenga na dunia mpaka miaka ya 1970. Wao walipima barafuto za jirani, walihesabu ndege, walikusanya wadudu, na mmoja wao, Hálfdán Björnsson, akawa mjuzi wa wadudu anayeheshimiwa na wanasayansi. Mahali pengine kazi ilirithiwa kama shamba linavyorithiwa: baba alipochoka, mtoto aliichukua kamba. Mwaka 1950 Jón alikuwa mstari wa mbele kuanzisha Chama cha Utafiti wa Barafuto cha Iceland, na vipimo vikawa vinachapishwa kila mwaka katika jarida la chama liitwalo Jökull. Nikitazama tarakimu zile naiona karne nzima ikipumua. Barafu inarudi nyuma kwenye miaka ya joto ya 1930, inatulia, barafuto nyingi zinasonga mbele kidogo kuanzia miaka ya 1970, kisha katikati ya miaka ya 1990 karibu zote zinageuka na kukimbilia juu milimani.

Aliyeipokea kazi hiyo baada ya kifo cha Jón mwaka 1968 alikuwa Sigurjón Rist, mpimaji wa mito. Kazi yake rasmi ilikuwa nyingine. Tangu 1947 alikuwa akijenga huduma ya taifa ya kupima maji, kwa sababu nchi ilitaka umeme na hakuna aliyejua kwa hakika mito ya nyanda za juu ilibeba maji kiasi gani wakati wa kiangazi na wakati wa baridi. Alivuka theluji, alikaa kwenye vibanda, alishusha vyombo vyake katika mito inayobadilisha njia kila mwaka. Leo karibu umeme wote wa Iceland unatoka kwenye maji na joto la ardhini, na mabwawa mengi yalisanifiwa kwa kutegemea vipimo alivyovianzisha mtu huyu. Huduma yake ya maji ilikuwa chini ya mamlaka ya nishati, mbali na ofisi ya hewa. Hilo lilikuja kubadilika, lakini kwanza nchi ililipa gharama kubwa.

Usiku wa Januari 23, 1973, ardhi ilipasuka pembeni mwa mji katika kisiwa cha Heimaey. Wakazi wapatao 5,300 walivushwa usiku uleule, kwa sababu dhoruba ya siku iliyotangulia ilikuwa imezilazimisha meli za uvuvi kubaki bandarini. Mungu aliwafungia meli mlangoni, nami sioni njia nyingine ya kulisema. Mitetemo ilikuwa imenaswa na vipimatetemeko kabla ya mlipuko, ila vilikuwa vichache mno na vimetawanyika, hata haikuwezekana kujua kwa hakika inatoka wapi. Ili kupata chanzo cha tetemeko unahitaji kulisikia kutoka pande tatu au zaidi. Somo hilo lilihifadhiwa. Mwaka huohuo ofisi ilipata jengo lake jipya kwenye barabara ya Bústaðavegur, juu ya kilima cha Reykjavík, ambako iko hadi leo.

Somo lenyewe lilizaa matunda mikononi mwa Ragnar Stefánsson, ambaye taifa lilimpa jina la utani Ragnar skjálfti, yaani Ragnar wa tetemeko. Kwa ushirikiano wa nchi za Nordiki, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, yeye na wenzake walijenga mtandao wa vipimatetemeko uitwao SIL katika nyanda za chini za kusini, ambako matetemeko makubwa yamekuwa yakirudi kwa karne nyingi. Vifaa vya mtandao huo vilinasa mitetemo midogo kabisa, ile ambayo hata kikombe mezani hakiwezi kuisikia, na kompyuta zikaipanga papo hapo mahali ilipotokea. Watu wa sebule ya Bústaðavegur walianza kuona magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikitembea chini ya ardhi kwa kufuata nukta hizo ndogo kwenye ramani.

Wahenga wetu walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hekla haina desturi ya kuonyesha mawingu. Ni volkano inayokaa kimya miaka, kisha inalipuka huku tahadhari yake ikihesabika kwa dakika. Ila wataalamu walikuwa wamerudi kwenye kumbukumbu za mlipuko wa 1991 na kugundua alama: kifaa kilichozikwa ndani ya shimo refu huko Búrfell, kinachopima jinsi mwamba unavyobanwa na kuachiwa, kilikuwa kimebadilika nusu saa hivi kabla ya moto kutokea. Jioni ya Februari 26, 2000, mitetemo midogo ilianza chini ya Hekla, na mwamba wa Búrfell ukaanza kubanwa vilevile. Waliokuwa zamu waliwajulisha walinzi wa raia na waongozaji wa ndege. Redio ya taifa ikatangaza kwamba Hekla inakaribia kulipuka. Kisha wote wakasubiri. Mlima ulilipuka robo saa hivi baada ya tangazo. Sijui kama kuna wakati mwingine katika historia ya sayansi ya ardhi ambapo taifa zima liliambiwa jambo la namna hiyo kupitia redio, na likatokea kabla chai haijapoa. Juni ya mwaka huohuo matetemeko mawili yenye ukubwa wa karibu 6.5 yalipiga kusini, siku nne kati ya moja na jingine. Mitetemo midogo iliyofuata la kwanza iliwawezesha kina Ragnar kuonya mapema ni wapi la pili lingetokea. Nyumba zilibomoka. Hakuna aliyefariki.

Simulizi la ushindi peke yake lingekuwa dhuluma kwa marehemu. Alfajiri ya Januari 16, 1995, theluji iliporomoka juu ya kijiji cha Súðavík katika fiodi za magharibi na kuua watu 14, wengi wao watoto. Oktoba 26 ya mwaka huohuo iliporomoka Flateyri, usiku, na kuua watu 20. Vijiji vyote viwili ni vya watu mia chache. Hakuna nyumba iliyobaki bila msiba. Kilichouma zaidi Flateyri ni kwamba nyumba nyingi zilizosombwa zilikuwa nje ya mstari wa hatari uliokuwa umechorwa kwenye ramani. Watu walilala mahali walipoambiwa kuwa ni salama.

Baada ya mwaka ule Bunge lilibadilisha sheria, na kazi ya kutathmini hatari ya maporomoko ya theluji na kuamua ni wakati gani watu wahamishwe ikawekwa mikononi mwa Veðurstofa. Ramani zilichorwa upya, safari hii zikianza na swali la uwezekano wa mtu kufa nyumbani mwake katika mwaka wowote. Kila mji ulio chini ya mlima wa hatari ukapata mtu wake wa kutazama theluji, mara nyingi mkazi wa hapohapo, anayepanda kuichimba na kuisoma tabaka kwa tabaka. Juu ya Flateyri zikajengwa kuta mbili kubwa za udongo zilizopangwa kama herufi A, ili kuigawa theluji na kuipeleka baharini. Januari 14, 2020, siku chache baada ya ofisi kutimiza miaka 100, maporomoko makubwa yalishuka tena juu ya Flateyri. Kuta ziliyageuza. Theluji kiasi iliruka ukingo na kumfukia msichana mmoja ndani ya nyumba yao; waokoaji wa kijiji walimtoa akiwa hai. Boti bandarini zilivunjwavunjwa. Nadhani hiyo ndiyo kumbukumbu ya kweli ya miaka mia ya ofisi kuliko keki na hotuba yoyote.

Mwaka uliofuata misiba ya theluji ndio ulioonyesha kwa nini moto, barafu na maji havipaswi kutazamwa na ofisi tatu tofauti. Mwishoni mwa Septemba 1996 tetemeko lilitikisa Bárðarbunga, chini ya Vatnajökull, barafu kubwa kuliko zote Iceland. Siku moja baadaye moto uliwaka chini ya barafu yenye unene wa mamia ya mita, mahali palipokuja kuitwa Gjálp. Barafu iliyoyeyuka haikutoka. Iliteremka chini kwa chini na kujikusanya katika ziwa la Grímsvötn lililofunikwa na barafu, siku baada ya siku, kwa zaidi ya majuma manne. Taifa zima lilijua maji yatakuja, lisijue siku. Barabara ya tambarare ya Skeiðarársandur ilifungwa, wapimaji wakakesha.

Asubuhi ya Novemba 5 yakaja. Ndani ya saa zipatazo 16 mto uliokuwa na maji ya kawaida ulifikia kiasi cha mita za ujazo 50,000 kwa sekunde, na kwa muda huo mfupi ukawa miongoni mwa mito mikubwa kabisa duniani. Mapande ya barafu yenye ukubwa wa nyumba yalibebwa kama vifuu vya nazi. Daraja la Gígjukvísl, lenye urefu wa mita 376, lilisombwa lote, na daraja refu la Skeiðará likajeruhiwa. Yalikuwa sehemu ya barabara iliyokamilisha mzunguko wa nchi mwaka 1974 na kuwafungulia mlango watu kama wale wa Kvísker. Hakuna aliyepoteza maisha. Vyuma vya daraja vilivyopindika bado vimewekwa kando ya barabara, na msafiri anaweza kusimama akavigusa. Gharika la aina hii watu wa Iceland huliita jökulhlaup, yaani barafuto kukimbia, na wanasayansi wa dunia nzima wameliazima neno lao, kwa kuwa hakuna lugha iliyolijua jambo lenyewe kwa uchungu kama yao.

Januari 1, 2009, huduma ya kupima maji aliyoianzisha Sigurjón Rist na ofisi ya hali ya hewa ziliunganishwa kuwa taasisi moja, jina likabaki lilelile. Árni Snorrason, aliyekuwa akiongoza upande wa maji, akawa mkurugenzi. Wakati ulikuwa mgumu: benki za nchi zilikuwa zimeanguka miezi mitatu kabla, na serikali ilikuwa ikikata matumizi kila upande. Mpimaji wa mto, msikilizaji wa tetemeko, mtazamaji wa barafu na mtabiri wa upepo sasa walikunywa kahawa katika sebule moja. Hawakupewa muda mrefu wa kuzoeana.

Aprili 14, 2010, Eyjafjallajökull ililipuka kupitia barafu iliyofunika kilele chake, baada ya mlipuko mdogo wa mwezi uliotangulia ubavuni mwake. Mitetemo ilikuwa imetoa taarifa, na watu wapatao 800 walihamishwa usiku kabla mafuriko hayajafika. Kisha majivu laini kama unga yalipanda angani na kukutana na upepo unaovuma kuelekea Ulaya. Rada ya Keflavík, wakati huo rada pekee ya hewa nchini, ilipima urefu wa wingu lile, na tarakimu zake zikapelekwa London, kwenye kituo kinachotoa maonyo ya majivu kwa ndege. Karibu wiki nzima anga ya sehemu kubwa ya Ulaya ilifungwa, safari zipatazo 100,000 zikafutwa.

Hapo ndipo jina la mlima ule lilipofika kwetu. Msomaji wa Naivasha atakumbuka. Waridi zilizokatwa alfajiri zikisubiri ndege ya usiku zilirundikana katika vyumba vya baridi vya uwanja wa Jomo Kenyatta, kisha vyumba vikajaa, kisha maua yakatupwa. Maharage mabichi na njegere vilevile. Maelfu ya vibarua, wengi wao kina mama, waliambiwa wasije kazini. Volkano iliyo karibu na Duara la Aktiki ilikuwa imegusa sufuria jikoni kando ya Ziwa Naivasha, na kiungo kati ya viwili hivyo kilikuwa tarakimu zilizotumwa na watu wa zamu kila saa chache.

Haikuwa mara ya kwanza moto wa Iceland kugusa Afrika. Juni 8, 1783, mpasuko wa Laki ulifunguka na kumwaga lava na gesi ya salfa kwa miezi minane. Nyasi ziliungua kwa sumu, mifugo ikafa, na takriban mtu mmoja kati ya watano nchini Iceland alifariki kwa njaa na magonjwa. Ukungu wake uliipoza nusu ya kaskazini ya dunia, na watafiti wameuhusisha na kudhoofika kwa mvua za Afrika na kupungua kwa maji ya Nile, ambako Misri ilipata njaa kali. Kwa sababu ya kumbukumbu hiyo, Bárðarbunga ilipoamka tena Agosti 2014 na magma ikasafiri chini ya ardhi kwa kilomita zipatazo 45 kabla ya kutoka Holuhraun, ofisi ilitazama gesi kwa makini kuliko lava. Kwa miezi sita, mpaka Februari 27, 2015, ilitoa kila siku utabiri wa gesi pamoja na utabiri wa mvua, ili mama ajue kama mtoto acheze nje au afungiwe ndani.

Na halafu Grindavík. Rasi ya Reykjanes ilikuwa imekaa takriban miaka 800 bila mlipuko, hadi Machi 2021. Ijumaa ya Novemba 10, 2023, nukta za mitetemo kwenye ramani zilianza kujipanga mstari na kuelekea kusini, zikapita chini ya mji wa wavuvi wenye watu wapatao 3,800. Usiku uleule mji ulihamishwa wote. Mlipuko ulikuja Desemba 18. Januari 14, 2024, lava iliingia mjini na kuteketeza nyumba tatu. Siku chache kabla ya hapo mfanyakazi mmoja aliyekuwa akijaza nyufa alipotea ndani ya ufa na hakupatikana. Ramani za hatari za ofisi, zinazochorwa upya kila hali inapobadilika, zimejaa rangi za hatari za aina nyingi, na kila rangi ina mtu aliyekesha kuipima. Milipuko imeendelea kurudi, na watu wa Grindavík wametawanyika katika miji mingine, wakiisoma ramani hiyo kila asubuhi kama mtu anavyosoma barua ya nyumbani.

Barafu haina king'ora. Mwaka 2014 Oddur Sigurðsson, mtaalamu wa barafuto katika Veðurstofa na mmoja wa warithi wa daftari la Jón Eyþórsson, alipanda hadi kilele cha mlima Ok, magharibi mwa nchi. Alikwenda kukagua barafuto iliyokuwa kwenye ramani tangu ramani zianze. Alikuta theluji kiasi na vipande vya barafu iliyokufa. Ili iitwe barafuto, barafu lazima iwe nene kiasi cha kutembea kwa uzito wake wenyewe, mita 40 hadi 50 au zaidi. Hii ilikuwa imelala palepale. Sveinn Pálsson, miaka 220 kabla, alisimama juu ya Öræfajökull akaona barafu ikitembea. Oddur alisimama juu ya Ok akaona imeacha. Akaifuta kwenye orodha. Agosti 2019 watu walipanda mlima huo na kubandika bamba la shaba kwenye jiwe, likiwa na tarehe na kiwango cha kaboni hewani: sehemu 415 kwa milioni.

Huko kusini-mashariki, mzigo wa Vatnajökull umepungua hata ardhi chini yake inainuka, na mji wa bandari wa Höfn unapanda zaidi ya sentimita moja kila mwaka. Wapima barafu wa hiari bado hutoka kila vuli, wakulima, walimu na wanafunzi, na bado hutuma tarakimu zao. Mbele ya baadhi ya ndimi za barafu kamba haitoshi tena. Barafu imerudi nyuma ikaacha ziwa, na mpimaji husimama ukingoni kando ya alama ya mtu aliyemtangulia, akiutazama ulimi ng'ambo ya maji.